Wordsworth, Shelley au Keats: uanze na shairi lipi?

Ukiuliza ni shairi gani la Waromantiki wa Uingereza linaloeleza vizuri zaidi maumbile na kupita kwa wakati, utatajiwa matatu kabla hujamaliza swali: lile la William Wordsworth la mwaka 1798 ambalo kwa kifupi huitwa "Tintern Abbey", "Ode to the West Wind" la Percy Bysshe Shelley, na "To Autumn" la John Keats. Haya mawili ya mwisho yalitungwa mwaka mmoja, 1819, yakipishana kwa mwezi mmoja hivi, tena yote mawili yanahusu msimu uleule wa majani kupukutika. Hata hivyo, anayelipenda moja mara nyingi hulichoka jingine.

Vitabu vya fasihi huwatia watatu hawa kapu moja: waliyapenda maumbile, waliikimbia miji yenye viwanda, waliziamini hisia kuliko akili. Ni kweli nusu. Kigezo kinachonisaidia mimi ni kingine: kila mmoja anapoona kitu kinapita, anadai nini? Wordsworth anadai fidia. Shelley anadai nguvu. Keats, katika shairi hili, hadai chochote. Ukijua wewe mwenyewe unatafuta nini kati ya hayo, kazi ya kuchagua imeshapungua.

Kuna jambo la kutanguliza kwa msomaji aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausimamisha moyo wake mbele ya majumba ya Pate yaliyobomoka, kulikowaka taa sasa wanakaa popo na buibui, naye anaukanya moyo huo usihadaike na dunia. Ukiwaendea Waromantiki ukisubiri kukanywa namna hiyo, utasubiri sana. Kwao, kwamba kitu hakidumu si hoja ya kukiacha; ni sababu ya kukitazama zaidi. Wordsworth yuko maili chache tu kutoka kwenye magofu halisi, abasia ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1131 na kufungwa mwaka 1536 chini ya Mfalme Henry VIII, na ingawa jina la abasia limo kwenye kichwa cha shairi, ndani ya shairi lenyewe haitaji hata mara moja. Anatazama mto.

Wordsworth: nimelipwa

Mto huo ni Wye, unaopita mpakani mwa Wales na England. Wordsworth alifika hapo mara ya kwanza mwaka 1793, kijana wa miaka 23 mwenye mengi kifuani. Alikuwa ametoka Ufaransa ya mapinduzi, amemwacha huko Annette Vallon na binti yao mchanga, Caroline, na Ufaransa na Uingereza zilikuwa zimeingia vitani. Akarudi Julai 1798 pamoja na dada yake, Dorothy. Shairi linaanza kwa kuhesabu: miaka mitano imepita, majira matano ya joto, yenye urefu wa majira matano marefu ya baridi.

Anachokiri ni kwamba hawezi tena kuuona mto ule kama zamani. Siku zile alirukaruka milimani kama paa, na alikuwa, kwa maneno yake, kama mtu anayekimbia kitu anachokiogopa kuliko anayefuata kitu anachokipenda. Raha ile imekwisha. Lakini hataomboleza, kwa sababu amepata malipo tele: siku hizi akiyatazama maumbile anausikia muziki wa chini kwa chini, wa huzuni, wa wanadamu wote, na anahisi kitu kinachokaa katika nuru ya jua linalotua, katika bahari, katika hewa na katika akili ya mtu.

Je, inaaminika? Mimi huamini nusu, na nadhani hata yeye alikuwa hapohapo. Shairi limejaa vijisababu vya kujilinda: ikiwa hii ni imani tupu, anasema mahali pamoja, nathubutu kutumaini, anasema pengine. Sentensi zinajikunja na kujikunjua kabla hazijafika zinakokwenda. Uzuri wa shairi umo kwenye kujikunja huko. Wanaolinukuu kama tangazo la mtu mwenye uhakika wanaliharibia ladha.

Kisha, baada ya mishororo zaidi ya mia moja ya kusema peke yake, anageuka, na tunagundua kuwa Dorothy alikuwepo muda wote. Anaiona machoni pa dada yake ile furaha aliyokuwa nayo yeye zamani, na anamkabidhi kumbukumbu: mimi nikiondoka, wewe utakumbuka. Maumbile, anamwahidi, hayajawahi kuusaliti moyo ulioyapenda. Ukijua yaliyofuata, ahadi hiyo inasomeka vingine. Dorothy aliugua sana mwaka 1829, na kuanzia katikati ya miaka ya 1830 akili yake ikadhoofika hadi alipofariki mwaka 1855, miaka mitano baada ya kaka yake. Kumbukumbu ndiyo fidia ya Wordsworth, na kumbukumbu inahitaji akili ya kuibeba, nayo akili hupita kama vingine. Shairi halilijui hilo. Msomaji analijua, na usomaji unakuwa mgumu na mtamu zaidi.

Kwa upande wa usomaji, hili ndilo refu kuliko mengine, karibu mishororo 160, halina vina wala beti za ukubwa uliopangwa. Wordsworth alisimulia kwamba alilitunga akitembea, akaanza alipoondoka Tintern na kulimaliza alipokuwa akiingia Bristol, bila kubadilisha mshororo. Lisome kwa mwendo huo. Fuata nukta, si mwisho wa mshororo; ukisimama kila mshororo unapoisha utapotea kabla ya ukurasa wa pili.

Asiye na subira hiyo ana njia ya mkato, "I wandered lonely as a cloud" la mwaka 1807, mishororo 24 tu. Wazo ni lilelile: maua ya manjano aliyoyaona kando ya ziwa Ullswater tarehe 15 Aprili 1802 yanamrudia baadaye amejilaza kochini, na moyo unajaa. Ila Dorothy alikuwepo siku hiyo pia, na ndiye aliyeyaandika maua yale kwenye shajara yake. Shairi linasema mshairi alikuwa peke yake. Na ile mishororo miwili kuhusu jicho la ndani, ambayo Wordsworth mwenyewe aliiona kuwa bora kuliko yote, alisema ilitoka kwa mkewe, Mary.

Shelley: nichukue

Oktoba 1819 Shelley alikuwa Florence, Italia. Alieleza mwenyewe kwamba shairi lilimjia, na sehemu yake kubwa akaiandika, kwenye msitu ulio kando ya mto Arno siku ambayo upepo ulikuwa ukikusanya mvua za mwisho wa mwaka. Hakulieleza lililokuwa nyumbani kwake. Binti aliyezaa na mkewe, naye pia akiitwa Mary, yaani Clara, alifariki Venice Septemba 1818. Mtoto wao wa kiume, William, alifariki Roma Juni 1819. Mary alikuwa mjamzito tena, wakisubiri. Na kutoka Uingereza zilikuwa zimefika habari za Peterloo: tarehe 16 Agosti 1819 huko Manchester askari wa farasi waliushambulia umati uliokusanyika kudai haki ya uwakilishi bungeni, wakaua na kujeruhi. Shelley aliandika shairi kali la siasa juu ya mauaji hayo, ambalo halikuchapishwa hadi mwaka 1832, yeye akiwa ameshakufa.

Ukiyaweka hayo pembeni ya shairi, majani yake hayabaki majani. Upepo wa magharibi unayafukuza kama mizimu inayomkimbia mganga: ya manjano, meusi, yaliyopauka, mekundu ya homa, makundi yaliyopigwa na tauni. Mbegu zimelala chini kama maiti makaburini. Lakini zimelala tu. Upepo wa majira ya kuchipua utakuja kupiga baragumu na zitaamka. Ndiyo maana anauita upepo huo mharibifu na mhifadhi kwa pamoja. Wordsworth anadai fidia kwa kile kilichopita. Shelley anataka kipite, na haraka, kwa sababu kisipooza hakitaota.

Sehemu tatu za kwanza zinaupeleka upepo ardhini, angani na baharini. Ya nne ndiyo ya kuangalia: laiti ningekuwa jani, laiti ningekuwa wingu, laiti ningekuwa wimbi, naanguka juu ya miiba ya maisha, navuja damu. Hapa wasomaji wengi humkimbia. Ni kweli, mshororo ule wa miiba ni wa kujihurumia, na akiusoma mtu asiyejua kujizuia, darasa zima litacheka. Mimi namvumilia kwa ajili ya sehemu ya tano, ambapo anaacha kulia na kuanza kuamuru: nifanye kinubi chako kama msitu ulivyo, yatawanye maneno yangu kwa wanadamu kama majivu na cheche kutoka kwenye jiko lisilozimika.

Halafu inakuja ile kauli maarufu kwamba baridi ikija, majira ya kuchipua hayawezi kuwa mbali. Watu huinukuu kwenye kadi za pole kama uhakika. Shelley aliiandika kama swali, na alama ya kuuliza iko palepale mwishoni mwa shairi. Mtu aliyezika watoto wawili ndani ya mwaka mmoja hakuiweka kwa bahati mbaya.

Mpenzi wa arudhi atafurahia muundo. Kila sehemu ina mishororo 14: mafungu manne ya mishororo mitatumitatu, kisha mishororo miwili ya kufungia. Kina cha mshororo wa kati wa fungu hili kinakuwa kina cha mshororo wa kwanza na wa tatu wa fungu linalofuata. Aliyezoea pindu ataitambua hamu hiyo ya kushika mkono wa ubeti uliopita, ingawa kwenye pindu hurudi maneno na hapa kinarudi kina peke yake. Shelley aliichukua namna hii kwa Waitalia, kwa Dante. Matokeo yake shairi halipumui, linasukumwa, na hivyo ndivyo lilivyokusudiwa. Kama unatafuta la kughani kwa sauti mbele ya watu, usitafute zaidi.

Keats: tazama

Jumapili ya tarehe 19 Septemba 1819, Keats alikuwa Winchester, kusini mwa England. Alitembea kando ya mto Itchen, akapenda mashamba yaliyokwishavunwa yenye mabua tupu, akamwandikia rafiki yake Reynolds siku mbili baadaye kwamba hajawahi kuyapenda mabua kiasi kile, na kwamba yalimgusa hata akatunga shairi. Beti tatu za mishororo 11. Alikuwa na miaka 23.

Ukilisoma mara ya kwanza unaweza kudhani halisemi kitu. Ubeti wa kwanza ni wa kujaa: msimu unapanga njama na jua kuibebesha mizabibu inayotambaa kwenye paa za nyasi, kuinamisha mitufaha, kunenepesha maboga, kuwachanulia nyuki maua zaidi na zaidi hadi wadhani siku za joto hazitakwisha. Hilo ndilo neno la pekee la onyo, na hata hilo ni dhana ya nyuki. Ubeti wa pili msimu unakuwa mtu, tashihisi iliyotulia kuliko zote ninazozijua: amekaa ghalani upepo wa kupepeta ukimwinua nywele, amelala kwenye mfereji wa shamba lililovunwa nusu, amelevywa na harufu ya maua ya kasumba, mundu umesimama, anavuka kijito na mzigo kichwani kama mwokota masazo ya mavuno, anakaa mbele ya kinu cha tufaha akitazama matone ya mwisho, saa baada ya saa. Huyu ndiye mvunaji, na washairi wa Ulaya wamemchora mvunaji mwenye mundu kama mauti kwa karne nyingi. Keats amempa usingizi.

Ubeti wa tatu unauliza ziko wapi nyimbo za majira ya kuchipua, na kujijibu palepale: usizifikirie, nawe una muziki wako. Kisha unausikiliza. Usubi unaomboleza kati ya mierebi ya mtoni, ukipanda na kushuka kadiri upepo unavyoishi na kufa. Wana-kondoo waliokwisha kukua wanalia kutoka vilimani. Nyenje wanaimba kwenye ua wa miti. Ndege mdogo wa kifua chekundu anapiga mbinja bustanini, na mbayuwayu wanakusanyika wakilia angani.

Hapo linaisha. Mbayuwayu wa Uingereza huondoka mwishoni mwa majira hayo, huvuka Sahara na kufika hadi Afrika Kusini. Msomaji wa Afrika Mashariki anawajua ndege wa aina hii kutoka upande wa pili wa safari, wanapowasili vuli inapokaribia. Keats hasemi kwamba wanaondoka. Angeweza, na mshairi mwingine yeyote angesema, akaongeza na funzo. Yeye ameishia kwenye kukusanyika. Kifo kimo kila mahali katika ubeti huu, siku inakufa polepole, upepo unakufa, kondoo wamefikia ukubwa wa kuchinjwa, lakini hakuna aliyenyooshewa kidole aambiwe ahuzunike.

Hakuwa mtu asiyekijua kifo. Alisomea utabibu kwenye hospitali ya Guy's mjini London. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1810, na mdogo wake Tom, aliyemuuguza mwenyewe, kwa ugonjwa huohuo Desemba 1818. Lakini wasomaji wanaolifanya shairi hili kuwa kwaheri ya mgonjwa wanakimbilia mbele ya tarehe: damu ya kwanza aliitema Februari 1820, na alifariki Roma tarehe 23 Februari 1821 akiwa na miaka 25. Wapo pia wahakiki wanaosikia Peterloo ndani ya shairi, katika njama ile ya msimu na jua, na katika mwokota masazo, kwa kuwa mahakama ya Uingereza ilikuwa imeamua mwaka 1788 kwamba maskini hawana haki ya kisheria ya kuokota masazo shambani. Keats alizifuata habari hizo kwa karibu, hilo ni hakika. Kwamba shairi linazizungumzia, mimi sijashawishika. Kimya chake kinaelezeka bila siri.

Anayeona utulivu huu umezidi amtafute Keats wa miezi minne nyuma. "Ode to a Nightingale", la Mei 1819, linadai kila kitu: mvinyo, ushairi, hata kufa usiku wa manane bila maumivu, ilimradi amfuate ndege anayeimba. Anamwambia ndege kwamba hakuzaliwa afe, jambo ambalo kwa ndege yule hasa si kweli, na shairi linalijua hilo, kwa maana sauti inafifia nyuma ya kilima na mshairi anabaki hajui kama ameamka au amelala. Ni shairi lenye drama zaidi. Wengi huliona bora, na siwezi kuwalaumu. Ila nikiyaweka mawili haya mkono kwa mkono, naona lile la Septemba limefika mahali ambapo lile la Mei lilikuwa likijaribu kwenda.

Kwa hiyo?

Aliyerudi mahali alipopaacha, kijijini, shuleni, mji aliosomea, akakuta si palepale au yeye si yuleyule, aanze na Wordsworth, kwa siku yenye nafasi. Kijana mwenye hasira na nchi yake, au mtu aliyepoteza na hataki kuambiwa atulie, Shelley ni wake. Aliyefiwa karibuni nisingempa "Tintern Abbey", kwa sababu ile ahadi kwamba maumbile hayasaliti inaweza kumchoma. Ningempa Keats, asome taratibu, asidaiwe maoni.

Kwa Kiingereza kisicho kizito, Keats ni mgumu kwa nomino zake za shambani, lakini shairi lake ni fupi, na kamusi inatosha. Shelley anachosha kwa kasi. Wordsworth ana maneno mepesi na sarufi ya kutoa jasho. Anayetaka kufasiri kwa Kiswahili ajue kwamba Shelley atampa tabu ya vina na raha ya sauti, ilhali Keats ataonekana rahisi mpaka afike kwenye ubeti wa pili. "Ozymandias" ya Shelley, mishororo 14 juu ya sanamu ya mfalme iliyovunjika jangwani, hutajwa sana kwenye mada hii kwa sababu ni fupi. Ni nzuri, ila inahusu madaraka zaidi kuliko maumbile, mchanga pale umekuja kama shahidi tu.

Kama una jioni moja, soma Keats na Shelley pamoja, kwa mpangilio huo wa tarehe, Septemba kisha Oktoba. Wawili hao walifahamiana. Shelley alimwandikia Keats ombolezo refu mwaka 1821, na mwili wake mwenyewe ulipotupwa ufukweni baada ya kuzama Julai 1822, kitabu cha Keats kilikuwa mfukoni. Na mwalimu mwenye kipindi kimoja awape wanafunzi mashairi hayo mawili, awaambie watafute neno "mimi". Kwa Shelley watalikuta sehemu ya nne. Kwa Keats watatafuta mpaka kengele ilie.